Siku Mbili Nilizomnyima Debora

Kabla ya kuweka karatasi kwenye mashine ya kuskani, toa pini zote, halafu zishike karatasi kwa mikono miwili uzipeperushe ili hewa ipite katikati. Usilambe kidole. Karatasi iliyolambwa hunata kwa mwenzake, mashine inavuta mbili kwa pamoja, na mteja aliye mbali anaambiwa hakutuma barua yake. Mambo haya niliyajua kwa kuharibu. Wiki yangu ya kwanza kwenye kituo cha Jeffersontown niliskani sanduku zima kichwa chini miguu juu, na mtu mmoja huko Dublin akaandika kuuliza kama watu wa Kentucky wanasoma wakiwa wamening'inia.

Nawaandikia ninyi vijana wa kanisa letu hapa Louisville, mlionizunguka Jumapili ile baada ya ibada mkasema, "Mama Sifa, tuambie habari za kazi ya benki." Niliwaambia hiyo ya sanduku, mkacheka. Kisha nikakwama, nikasema magoti yananiuma. Magoti yananiuma kweli, lakini siyo yaliyonikwamisha. Nimeona afadhali niandike, maana kwenye karatasi mtu anaweza kukwama leo akaendelea kesho.

Kazi ya benki niliianza Uvira, nikiwa msichana, karani wa chama cha akiba. Tulikuwa na kalamu na daftari kubwa lenye jalada gumu. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika upya juu yake, unaweka sahihi pembeni. Hukuruhusiwa kufuta. Shefu wetu, mkubwa wa ofisi, alisema anayefuta anaficha. Baadaye vita vilikuja, nikakaa kambini miaka mingi bila kugusa daftari lolote, na nilipofika Buffalo na binti yangu Sifa, kazi niliyoipata ilikuwa kupiga deki. Jengo nililopewa lilikuwa tawi jipya la benki ya Wairishi kwenye Grant Street, kati ya duka la majani ya sombe na samaki wakavu na saluni ya kusuka nywele.

Ngoja niwaeleze Wairishi walikuwa wanafanya nini huko, maana yote yaliyofuata yanatoka hapo. Benki yenyewe ilikuwa kubwa kwao. Ilipita miaka mibaya, watu walifukuzwa kazi, nusura ife. Halafu ikapona. Matokeo yalipoanza kuwa mazuri tena, wakubwa wa Dublin wakasema sasa tukue nje. Walianza Uingereza, kisha wakatazama Amerika. New York waliiacha, waliona benki zimejaa pale hadi hakuna pa kuweka mguu. Wakachagua miji ya kati, yenye kodi ya nyumba nafuu na wageni wengi ambao hakuna benki iliyokuwa inawahangaikia. Ofisi kuu ya Amerika ikawekwa Columbus. Tawi la kwanza likafunguliwa Buffalo. Kituo cha nyaraka, mahali ambapo barua na fomu zote zingepokelewa na kuingizwa kwenye kompyuta, kikawekwa Louisville, kule kwenye viwanda vya Jeffersontown. Hii ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Wengi wenu mlikuwa mnabebwa mgongoni.

Mimi niliingia kazini kwa sababu ya Mzee Yakobo. Alikuwa mzee wa kwetu, wa milima ya juu ya Kivu Kusini, mtu wa ng'ombe, na siku hiyo alisimama dirishani akimuuliza karani swali moja mara tatu kwa Kiswahili. Karani alikuwa msichana wa Kimarekani, akabaki anatabasamu tu. Niliweka fimbo ya deki ukutani nikasogea.

"Anauliza pesa yake iko chumba gani," nikamwambia msichana.

Meneja wa tawi alitoka ofisini kwake. Alikuwa Mwairishi mrefu mwenye uso mwekundu, anaitwa Eamon, na alisema haraka hadi Wamarekani wenyewe walikuwa wanamwomba arudie. Nilimweleza kwamba mzee hana ugomvi, anataka tu kuiona. Karani alianza kueleza mambo ya kompyuta. Eamon akamnyamazisha kwa mkono, akamchukua Mzee Yakobo hadi nyuma, akamwonyesha mlango wa chuma wa chumba cha kuhifadhia.

"Mwambie iko humo," alisema. "Ni kweli kiasi cha kutosha."

Tangu siku hiyo Mzee Yakobo alikuja kila Ijumaa. Hakuweka kitu wala hakutoa kitu. Alisimama akauliza, "Zimelalaje?" Nami nikajibu, "Zimelala vizuri, Baba." Baada ya miezi miwili Eamon alikuwa anajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha pua, "Simelala fisuri," na mzee anaondoka ameridhika. Mwezi wa tatu Eamon alinipa kiti nyuma ya dirisha.

Kuna jambo moja la kazi nililomfundisha yeye. Mashine za Dublin zilianza kufunga akaunti za watu wetu, moja baada ya nyingine, zikisema ni mtu mmoja mdanganyifu mwenye majina mengi. Sababu ilikuwa kwamba wote walizaliwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Niliingia ofisini kwake na rundo la fomu.

"Mariamu," alisema, "eleza hili."

"Kambini ukiulizwa ulizaliwa lini ukasema mwaka wa mvua nyingi, wanakuandikia Januari moja," nikamwambia. "Mimi pia. Hata Mzee Yakobo. Sisi wote ni mapacha."

Alicheka hadi akafuta macho. Kisha akaketi mchana mzima akaandika Dublin, na kanuni ikabadilishwa: badala ya tarehe, ulizeni jina la mama. Vijana, ukiona mashine inawakosea watu wako, usiilaani tu. Tafuta mtu mmoja anayesikiliza, umpelekee karatasi mkononi. Mimi nilimpata huyo, na ndiyo maana nilimwamini, na ndiyo maana nawasimulia haya yanayofuata bila kumchukia.

Eamon ndiye aliyenifundisha kusoma ripoti ya mwaka ya benki. Ni kitabu kinene. Mbele kuna picha za watu wenye furaha na maneno ya mwenyekiti. "Anza nyuma," aliniambia. "Mbele wanaandika wanachotaka. Nyuma, kwenye maelezo madogo, sheria inawalazimisha." Nilisoma nyuma nikajifunza maneno magumu, na nilijivuna. Mwaka mmoja hata mbele nilikuwamo. Walileta mpiga picha Grant Street, wakanisimamisha mlangoni na kitenge changu, na picha ikatoka kwenye ukurasa unaozungumzia kukua kwetu Amerika. Kanisa zima liliiona. Sifa alikata ule ukurasa akaubandika jikoni, akaniambia kwa Kiingereza, maana yeye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kama amekula, kwamba sasa mimi ni mtu maarufu. Nilimwambia aache mzaha. Lakini ukurasa sikuuondoa.

Mnaona ninavyozunguka. Sasa nije kwa Debora.

Debora alikuwa mdogo wangu wa kambini. Hatukuzaliwa nyumba moja, lakini hema lake na langu yalishikana kamba, na miaka tisa tulipika kwenye mafiga yale yale. Aliniita Yaya, kama anavyoitwa dada mkubwa kwetu. Tulipelekwa Buffalo miezi michache mmoja baada ya mwingine, yeye na baba yake, aliyefariki muda mfupi baadaye, na mama yake, Koko Marta. Koko ni bibi, lakini kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkali, aliyesali kwa sauti hadi majirani wakagonga ukuta. Debora alikuwa anafanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali.

Kituo cha Jeffersontown kilipoanza kupanuka, Eamon alikuwa amepandishwa, amehamia Columbus, anasimamia kazi zote za Amerika. Alinituma Louisville niwe msimamizi wa meza ya barua, watu kumi na wanane chini yangu. Aliniambia nitafute watu wa kuaminika. Nilipiga simu Buffalo.

"Debora, kuko kazi ya biro," nilimwambia, yaani ya ofisini. "Unakaa kwenye kiti. Hakuna maji ya moto."

"Na mama?"

"Mama atakuja baadaye, ukishapata nyumba."

Koko Marta alikataa kuhama. Alisema amehamishwa mara za kutosha, na mume wake amezikwa Buffalo, hamwachi peke yake kwenye theluji. Debora alisita mwezi mzima. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia nafasi kama hizi hazikai, nilimwambia benki inakua, nilimwambia tutamshawishi Koko wakati wa joto. Mwishowe akamwacha mama yake na mama mmoja wa kanisa, akaja, akapanga chumba karibu na mimi huku mtaa wa Iroquois. Asubuhi tulipanda gari langu pamoja. Alijifunza kazi haraka kuliko wote. Alikuwa na vidole vyepesi, na alikuwa anasoma mwandiko ambao sisi wengine tuliurudisha.

Alikuwa hajamaliza miezi mitatu ya majaribio nilipoitwa Columbus.

Tuliketi wasimamizi sita kwenye chumba chenye meza ndefu. Kwanza tulipewa karatasi ya kusaini, kwamba tutakayoyasikia hatutayatoa nje. Nilisaini. Kisha Eamon akasema. Benki ilikuwa inafanya vizuri kwao, faida ilikuwa imepanda, lakini siyo kwa sababu yetu. Huku Amerika wateja waliongezeka na gharama ziliongezeka kuwashinda. Wenye hisa walikuwa wanauliza kwa nini benki ya Dublin inahangaika na barua za Kentucky. Wakubwa walikuwa wanautazama upya mpango mzima wa kukua nje.

Aliponisindikiza hadi kwenye gari, alisimama mikono mifukoni.

"Kituo chako kina nafasi," alisema. "Mwezi huu wakiona kazi yote imetoka kwa wakati, bila mrundikano hata siku moja, nitakuwa na kitu cha kuwawekea mezani. Nipe mwezi mmoja safi, Mariamu."

"Nitakupa," nikasema.

Niliendesha saa tatu na zaidi hadi Louisville, na njia nzima nilikuwa napanga meza: nani akae wapi, nani asilete mazungumzo, nani haugui. Sikumwambia Debora kitu. Asubuhi iliyofuata aliingia kwenye gari na chai yake, akauliza, "Columbus banasema nini?" Nikamjibu, "Banasema tuchape kazi." Akacheka. Tulichapa kazi.

Wiki ya tatu ya mwezi huo, siku ya Jumatano, Debora alinifuata kwenye kiti changu wakati wa mapumziko. Alikuwa ameshika simu kifuani.

"Yaya, mama iko mugonjwa."

"Amefanya nini?"

"Hakuli. Ile mama ya kanisa anasema tangu siku ine hakuli, na usiku anaita majina ya batu benye balishaka kufa. Donc, kwa hiyo nilikuwa naomba konji, ruhusa. Siku mbili tu, Ijumaa na Jumatatu. Nitapanda basi Alhamisi nikitoka kazi, nitarudi Jumatatu mangaribi."

Nilitazama ubao wangu. Watu wawili walikuwa wana homa. Sanduku zilikuwa zimepangwa mlangoni. Bila Debora Ijumaa, kazi ingelala. Siku moja tu ya mrundikano, na Eamon angeingia kwenye mkutano mikono mitupu. Hivyo ndivyo nilivyohesabu. Nilikuwa na watu kumi na wanane kichwani, na watoto wao, na mmoja alikuwa mbele yangu.

"Uko kwenye majaribio," nikamwambia. "Majaribio hayana konji."

"Najua. Njo maana nakuomba weye, siombi biro."

"Mwezi unaisha wiki ijayo. Subiri uishe, nitakupa wiki nzima. Nitakupa na nauli ya basi."

Hakulia. Aliniangalia kidogo, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

"Kuko kitu unajua, Yaya?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ningeweza kuvunja ile karatasi niliyosaini, nikamwambia mdogo wangu kwamba kazi hii labda itakufa, kwa hiyo nenda kwa mama yako, hakuna unachokipoteza. Au ningenyamaza na kumpa tu siku zake mbili, nikakaa mwenyewe kwenye mashine yake. Nilikuwa najua kuskani. Nilikuwa na mikono. Hilo la mwisho halikunijia akilini hadi miezi ilipopita, na ndilo linaloniamsha.

"Hakuna kitu," nikasema. "Kazi tu."

"Bon," akasema, yaani sawa, akarudi kwenye meza yake.

Ijumaa alifanya kazi. Jumatatu pia. Hakunisusa, alipanda gari langu kama kawaida, ila hakuleta chai. Jumanne jioni alizungumza na mama yake kwa simu, akaniambia Koko amekunywa uji, labda anapata nafuu. Nilifurahi kwa ubinafsi. Nilijiona nilihesabu vizuri.

Jumatano saa nne asubuhi simu yake ilitetemeka juu ya meza. Alisikiliza. Kisha akazima mashine yake, kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa, akafunika karatasi zilizobaki ili zisichanganyike, akavaa koti. Nilisimama.

"Nikupeleke," nikasema.

"Hapana. Baki na kazi yako."

Alikwenda na basi. Kutoka Louisville hadi Columbus, kutoka Columbus hadi Buffalo, usiku kucha, peke yake, kwenda kumzika mama aliyemwacha kwa ajili ya kiti. Mimi sikwenda mazikoni. Mwezi ulikuwa haujaisha. Ulipoisha, kazi yote ilikuwa imetoka, hakuna sanduku lililolala. Nilimpa Eamon mwezi safi.

Siku kumi na mbili baadaye tuliitwa kwenye chumba cha kulia chakula. Walikuja watu wawili wa Columbus ambao sikuwajua, na Eamon nyuma yao. Mmoja alisoma kwenye karatasi kwamba benki imeamua kurudi kwenye soko lake la nyumbani, kwamba matawi ya Amerika yatauzwa na kituo cha Jeffersontown kitafungwa ndani ya wiki sita, kwamba uamuzi huu hauhusiani na ubora wa kazi yetu. Watu wetu walinitazama mimi, siyo yule msomaji. Mzee mmoja wa kusukuma mikokoteni aliniuliza mbele ya wote, "Mama Sifa, ulijua?"

Nilisema, "Nilijua kidogo."

Hakuna aliyeuliza tena. Wengine walikwenda kwenye maghala, wengine kwenye nyumba za wazee, kuwaosha na kuwalisha. Watu wetu wanajua kuanza upya, hilo silitilii chumvi. Lakini miezi mingi kanisani kiti kilicho karibu nami kilibaki wazi.

Eamon alinipigia kabla ya kurudi kwao. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimwambia habari za Debora, neno kwa neno. Sikumwambia ili aumie, nilitaka mtu mwingine ajue.

"Nilidhani bado kulikuwa na nafasi," alisema. "Ndivyo nilivyoambiwa."

Nilimwamini. Namwamini hadi leo. Lakini ripoti ya mwaka ilipotoka niliisoma, na nilianzia nyuma. Kwenye maelezo madogo waliandika siku ambayo bodi iliamua kuondoka Amerika. Nikachukua kalenda. Ilikuwa wiki mbili kabla ya mimi kwenda Columbus. Tulipokuwa tunasaini ile karatasi ya siri, jambo lilikuwa limekwisha. Mwezi wangu safi haukuwekwa kwenye meza yoyote. Ijumaa ile na Jumatatu ile, karatasi zote alizoskani Debora hazikumsaidia mtu yeyote chini ya jua. Sanduku zingelala mlangoni hadi zioze, matokeo ya benki yasingebadilika hata nukta.

Nimeona nyinyi mnapenda kusema, "Nilifanya kwa nia njema." Mimi pia nilisema. Nililisema sana, hadi nikagundua nalisema nikiwa peke yangu tu.

Mwaka uliofuata, majira ya kuchipua, niliendesha gari hadi Buffalo. Sifa alitaka tuende wote, nikakataa. Grant Street ilikuwa na matope ya theluji iliyoyeyuka. Tawi letu lilikuwa limekuwa duka la simu. Debora, ambaye hakurudi tena Louisville, alikuwa anafanya kazi katika duka la vyakula hatua chache mbele yake, nilimkuta anapanga mifuko ya unga wa fufu kwenye rafu ya chini, amepiga magoti. Aliniona akaendelea kupanga hadi mfuko wa mwisho. Kisha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyosalimia wakubwa, na heshima hiyo ilinichoma kuliko angenitukana.

"Karibu, Yaya."

Alinipeleka kwake. Alipika, nilimwoshea vyombo, tukaongea habari za watu. Siku ya pili akanipeleka makaburini. Koko Marta yuko pale karibu na mume wake, nyasi zilikuwa hazijaota vizuri. Nilipiga magoti, haya haya yanayoniuma, nikasema yote kwa sauti: karatasi niliyosaini, yale niliyoyajua, jibu nililompa mtoto wake. Debora alisimama nyuma yangu akasikiliza. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba kulikuwa na kitu nilichokijua.

Tuliporudi kwenye gari alikaa bila kufunga mkanda.

"Ile mama ya kanisa aliniambia," alisema. "Zile siku za mwisho, kila mlango ukifunguka, mama alikuwa anauliza, 'Debora amefika?' Banamwambia hapana, Koko, iko kwenye njia. Analala kidogo. Mlango ukifunguka tena, anauliza."



"Nilikuwa najiuliza mbona sikwenda tu," aliendelea. "Mbona sikuacha ile kazi nikaenda. Mwaka mzima najichukia. Nilikuwa nasema, Yaya hakujua, Yaya alikuwa anafuata sheria ya kazi, kosa ni langu. Donc, leo umenipunguzia. Asante."

"Nisamehe, Debora."

"Mbele ya Mungu nimekusamehe. Sitadanganya kwenye kaburi ya mama." Alifunga mkanda. "Lakini usinipigie simu, Yaya. Siku nitaweza, nitakupigia miye."

Nilirudi Louisville nikapata kazi nyingine katika benki ndogo ya hapa, dirishani, nikafanya hadi nilipostaafu. Niliwahi kuwa msimamizi tena, wa watu watano. Kila aliyeniomba siku ya kwenda kwa mgonjwa nilimpa kabla hajamaliza sentensi, nikakaa kwenye kiti chake. Meneja alinionya mara mbili kwamba tutachelewa. Tulichelewa. Hakuna aliyekufa kwa kuchelewa kwetu. Ninyi mtakuwa wasimamizi, najua, mna Kiingereza na mna shule. Mtapewa karatasi za kusaini na miezi ya kuokoa. Kampuni ikikwambia kesho yake iko mikononi mwako, uliza kesho ipi, na nani ameshaamua. Na mtu akikuomba siku mbili za mama yake, mpe. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia Jumapili ile, mdomo ukakataa.

Alipiga mwaka jana. Ilikuwa mchana, nilikuwa nachambua maharage. Niliona namba ya Buffalo, nikafuta mikono haraka kwenye kitenge, nikapokea. Nilisikia mlango wa duka ukifunguka upande wake, na mtu akiulizia bei ya ndizi.

"Yaya, uko muzima?"

"Niko, Debora. Niko."

"Na magoti?"

"Yananisumbua."

"Bon," akasema. Nikasikia yule wa ndizi anauliza tena. "Kuko mteja," akasema, akakata.